Mwarobaini: unga, mafuta na sabuni, kipi kina dawa na kipi kina lebo tu

Haya jamani, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, angalieni hapa: chupa mbili za mafuta ya mwarobaini, kutoka kwa wauzaji wawili tofauti. Nazitia kwenye friji sasa hivi, mbele ya macho yenu. Tutazitoa baadaye.

Mezani nimebakiwa na mfuko wa unga wa majani na kipande cha sabuni. Vyote nimenunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenitumia.

Sisi watu wa Tanga mti huu hatuhadithiwi. Bibi alituogesha maji ya majani yake tulipougua tetekuwanga, na ukipata homa unafunikwa shuka unajifukiza mpaka jasho likutiririke. Lakini mti wenyewe ni mgeni, asili yake India na Myanmar, ukavuka bahari mpaka kwetu, na pwani ikaubatiza kwa magonjwa arobaini. Hayo arobaini sijawahi kumpata wa kunitajia yote. Wengi wanafika la saba, na la saba daima ni nguvu za kiume.

Tuanze na unga, maana ndio ulionikera. Lebo imeandikwa: "Una azadiraktini kwa wingi. Unatibu malaria, kisukari, vidonda vya tumbo." Huyo azadiraktini ni nani?

Uchungu wa mwarobaini unatokana na kundi la kemikali ziitwazo limonoidi. Jamaa zake wamo hata kwenye mbegu ya chungwa, ndiyo maana ukiitafuna kwa bahati mbaya unakunja uso. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alizitenga nimbini na nimbidini kutoka kwenye mafuta ya mwarobaini. Azadiraktini ikafuata mwaka 1968, na hiyo ndiyo kubwa lao: atomi za kaboni 35, haidrojeni 44, oksijeni 16, zimesukwa kama ukili. Steven Ley na wenzake wa Cambridge walihangaika miaka 22 kuiunda maabara, wakafaulu mwaka 2007. Mti unaiunda bure hapo uani kwako.

Sasa kazi yake. Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige walipovamia. Walikula kila kijani, wakaiacha miarobaini imesimama na majani yake. Azadiraktini inamkatisha mdudu hamu ya kula, na inavuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba, kwa hiyo anakwama ndani ya ngozi yake mwenyewe na kufa. Umenisikia? Mdudu. Sifa yake kubwa ni shambani.

Na inakaa wapi? Kwenye kokwa la mbegu. Kilo moja ya kokwa ina gramu kama mbili hadi sita hivi. Kwenye majani ni kidogo mno, na jua linaivunja haraka, wakati unga huu umeanikwa juani mpaka ukapauka. Majani yana mali yake, nimbolidi, kwasetini na nyinginezo, lakini sicho kilichoandikwa hapa. Muuzaji amechukua sifa ya mbegu akaibandika kwenye jani.

Kuhusu malaria, ipo limonoidi nyingine, gedunini, ambayo ndani ya vyombo vya maabara inaua vimelea kweli. Ndani ya mwili wa mtu ni habari nyingine kabisa. Ukipata homa nenda kapime, ukikutwa nayo meza dawa mseto, kujifukiza kufuate baadaye ukitaka. Na wewe unayetumia dawa za kisukari, majani haya yanaweza kuishusha sukari juu ya ile iliyokwisha kushushwa na vidonge. Mwambie daktari wako.

Kasoro nyingine ya unga: huwezi kujua ni mti gani. Kuna mmelia, ndugu yake, matunda yake ni sumu, na watu wanauchanganya na mwarobaini kila siku. Jani la mwarobaini vijani vyake vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, kingo kama msumeno, na maua ni meupe. Mmelia kikonyo kinagawanyika tena vikonyo vidogo, na maua yana rangi ya zambarau. Likishasagwa, nani atakuonyesha kikonyo? Nunua majani mazima, au omba kwa jirani. Unga naupa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mfuko, umefungwa vizuri.

Sabuni? Inatoa povu zuri, ngozi hainikauki. Ila sabuni inapikwa kwa kostiki, kemikali kali inayounguza, na azadiraktini haivumilii kostiki. Ogea kama sabuni.

Mafuta ndiyo yenye maneno. Yakikamuliwa bila moto yanatoka na rangi ya kahawia, yananuka kitunguu saumu kilichochacha, kwa sababu yana kemikali za salfa. Ndani kuna asidi za oleiki na linoleiki, ndiyo maana yanalainisha ngozi. Nimepaka kisigino kilichopasuka wiki tatu, kimefunga. Mke wangu amehamia upande wa pili wa kitanda, lakini kimefunga. Mchichani nachanganya kijiko cha mafuta na sabuni ya maji kidogo kwenye lita moja ya maji, napuliza jioni jua likishazama. Vidukari vimepungua sana.

Kuyanywa, hapana. Na mtoto mchanga usimpe hata tone: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta haya wakaishia kutapika, usingizi mzito na degedege. Mjamzito naye ayaache.

Haya, friji. Hii ya kwanza, ya elfu kumi na mbili... oneni, imeganda nusu, nzito kama samli ya kahawia, ndivyo mafuta halisi ya mwarobaini yanavyofanya kwenye baridi. Nikifungua, loo, harufu hiyo! Hii ya pili, ya elfu nne, imeandikwa "haina harufu". Naiinamisha. Inamwagika kama maji. Nainusa... jamani, haya ni mafuta ya alizeti. Nipeni kikaango.