Taa za sensa nyumbani: ipi ununue kwanza ukiwa Mtwara

Choo chetu cha nje kipo hatua kama ishirini toka mlango wa uani, na mama yangu ni mtu mzima, usiku lazima aamke mara mbili au tatu. Taa ya uani tulikuwa tunaizima ili kubana uniti, siku moja akakosea ngazi gizani akateguka kifundo cha mguu, wiki tatu hatembei vizuri. Iliniuma sana. Toka siku hiyo nimenunua, nimefunga na nimefungua taa za sensa, yaani zinazowaka zenyewe mtu akipita, za kila aina hapa Shangani, na huu ndo mpangilio wangu.

Namba moja ni sensa ya peke yake ya waya, ile inayofungwa ukutani au darini afu unaiunganisha na balbu yako ya kawaida. Balbu ikiungua unabadilisha balbu tu, sensa inabaki. Chukua yenye waya tatu, yaani laivu, nyutro na ule unaokwenda kwenye taa, kwa sababu zile za waya mbili mara nyingi zinafanya balbu ya LED ipepese au iwake kidogokidogo hata ikiwa imezimwa. Ina vidude vitatu vya kuzungusha: muda wa kuwaka, giza linalotakiwa ndo iwake, na umbali wa kuona. Mama nimemwekea dakika tatu, maana ya sekunde kumi ilikuwa inamzimikia akiwa bado njiani.

Sasa hapa kwenye kufunga ndo wengi wanakosea afu wanalaumu sensa. Sensa hii inaona joto la mwili linapokatiza mbele yake, ukiijia moja kwa moja inachelewa kukuona, kwa hiyo mwambie fundi aiweke pembeni ya njia na sio mwisho wa njia, kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu. Isitazame bati au ukuta unaopigwa jua la jioni. Miezi ya joto kali, hewa ikikaribia joto la ngozi, inakuwa nzito kidogo, hiyo ni kawaida yake. Na mjusi, jamani! Yangu ilikuwa inawaka usiku kucha bila mtu, nikapanda stuli nikakuta mjusi kalala juu ya kile kioo cheupe anavizia wadudu wanaofuata mwanga. Nikaisogeza mbali na taa kama mita moja, ikatulia.

Sisi wa karibu na bahari chumvi inakula kila kitu. Ya nje kabisa iwe IP65 (hiyo ni alama ya kwenye boksi ya jinsi inavyozuia vumbi na maji), ya barazani chini ya paa IP44 inatosha, na skrubu ziwe za stenlesi.

Namba mbili ni balbu yenye sensa ndani yake, nzuri kwa korido, stoo na choo cha ndani, unafunga mwenyewe kwenye holda. Angalia kwanza holda yako ni ya pini au ya kuzungusha. Uliza pia kama ni ya kuona joto la mwili au ya rada, yaani ya mawimbi, maana rada inapenya mlango wa mbao na ukuta mwembamba, nilifunga chooni ikawa inawaka kila mtu akipita koridoni.

Tatu ni ya sola. Getini au kwenye ghala la korosho ambako hakuna waya, hii ndo yenyewe, na umeme ukikatika inabaki. Wati 300 za kwenye boksi usizitilie maanani, tazama ukubwa wa paneli na uchague ambayo betri yake inafunguka ukabadilisha. Usiifunge chini ya mkorosho, na masika paneli ifute.

Mwisho kabisa naweka zile unazoziendesha kwa simu. Za wifi nyingi zinataka mtandao wa 2.4 GHz tu, mtoto akizima swichi ya ukutani balbu imekufa, na zile zinazotegemea intaneti zilipata shida ile Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika. Ukizitaka sana nunua za Zigbee, aina ya mawasiliano yasiyo ya waya tofauti na wifi, zenye kituo chake kinachofanya kazi hapohapo nyumbani.

Kuhusu uniti, balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti kama 3.2 kwa mwezi, weka tatu ni karibu 10, na kama uko kwenye D1, ile bei nafuu ya TANESCO ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo sio kidogo. Ikiwaka jumla ya saa moja kwa usiku haifiki hata 0.3, na sensa yenyewe inakula kidogo sana.

Ukiwa dukani usiondoke bila kujaribu. Mwambie muuzaji aichomeke, zungusha kile cha giza kwenye alama ya jua ili iwake hata mchana, subiri kama dakika ipate moto kwanza, afu katiza mbele yake toka kushoto kwenda kulia.