Darasa la wachumba karibu na Kibuye: sista mia kwa mia, pazia sifuri

Mimi ni fundi cherehani hapa Nyalenda, Kisumu, mchumba wangu ni wa Vihiga, na harusi ni Desemba. Kanisani tulifunzwa mengi kuhusu uvumilivu na wakwe, lakini tulipofika mambo ya chumbani pasta alikohoa akafungua ukurasa mwingine. Ndio tukajiandikisha kwa darasa la afya ya uzazi kwenye kliniki moja ndogo karibu na soko la Kibuye. Shilingi 2,500 kwa wawili, chai na mandazi ndani.

Nyota nne ninazowapa ni za sista, yaani muuguzi, anayefundisha. Haoni haya, na hamcheki mtu. Alianza na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Alisema huku kwetu ziwani wengi wanabeba kinasaba hicho bila kuugua, kwa kuwa mbebaji hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kisha akaweka mezani vikombe viwili vya vifungo, vyekundu na vyeupe nusu kwa nusu, vyekundu ndivyo kinasaba cha ugonjwa. Kimoja cha bwana, kingine cha bibi, wote wabebaji. Kila mtu achomoe kifungo bila kuangalia. Vikitoka vyekundu viwili, nafasi ambayo ni robo, mtoto ana ugonjwa. Wachumba fulani wa Ahero wakapata vyekundu. Wakarudisha, wakachomoa tena: vyekundu. Kicheko kikaisha. Yule kaka akasema, "Basi wanaofuata watakuwa wazima." Sista akamjibu, "Hapana kaka, kila mimba inaanza upya. Robo ni robo, hata kama una mgonjwa tayari nyumbani." Nashika vifungo kutwa nzima kazini na sijawahi kuviogopa namna ile.

Upande wa kupanga uzazi alituachia vitu tuvishike: kijiti cha kuwekwa mkononi, koili ya shaba ya kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kondomu za kike na za kiume. Koili ni ndogo kuliko nilivyodhani. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, alisema, imezwe mapema, ndani ya saa 72, na haizuii VVU, kwa hivyo wasichana wanaoinunua kila wikendi wajue. Nilipouliza kuhusu maumivu ya chumbani alijibu bila kuzunguka: mwili usiharakishwe, jeli ya maji inasaidia, na maumivu yasiyoisha yapelekwe kwa daktari. Vaseline na kondomu ya mpira havikai kitanda kimoja, mafuta huila ikapasuka.

Wanaume walichangamka kwenye tohara. Utafiti mmoja mkubwa ulifanyiwa hapa hapa Kisumu, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana: hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke inapungua kwa takriban asilimia 60. Inapungua, haiishi. Mmoja alitaka kujua kama sasa kondomu atupe. Mchumba wake ndiye aliyemjibu, na maneno yenyewe siyaandiki hapa.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya pazia. Chumba cha kupimia VVU kimetengwa na benchi la kungojea kwa kitambaa tu, tena chepesi. Mimi najua vitambaa. Tulisikia sista akimweleza mtu kwamba mwenye virusi anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Habari njema kabisa, ila haikuwa yetu kuisikia. Mbao chache na fundi wa siku moja vingetosha.

Daktari wa baada ya chakula alisoma tu maandishi ukutani. Mkibanwa na muda, ondokeni saa hiyo.

Kipimo cha seli mundu kinalipiwa kando. Ulizeni kama ni kile cha haraka cha myeyuko (solubility), kwa sababu hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Mnachotaka ni elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini kwenye damu. Majibu yetu bado tunayangoja.