Walezi wa kazi kwa wauguzi weusi, Peckham: nyota nne

Kama wewe ni muuguzi mweusi hapa London na umekwama Bendi ya 5, ngazi ya mshahara ya kuanzia ya wauguzi wa NHS (huduma ya afya ya serikali), huku uliowafundisha kazi wakipanda hadi ya 6, nenda. Wanakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, na ni bure.

Mimi nilipangiwa mama wa Kijamaika, sista inchaji mstaafu. Hajui kubembeleza. Alichukua fomu yangu ya maombi akapiga mstari mwekundu kila nilipoipa timu sifa. "Na wewe ulikuwa wapi?" Sisi tuliolelewa tusijisifu, hapo ndipo panapouma. Saa nzima tukaandika upya aya moja tu: mgonjwa aliyeshuka presha usiku wa manane, NEWS2, yaani alama za kuonya kwamba hali ya mgonjwa inazorota, ikafika 7, kiwango cha dharura, nilimpigia nani, nilifanya nini kabla daktari hajafika. Kisha akanikalisha niisimulie kwa mdomo, akinikatiza kama jopo la usaili. Jasho lilinitoka. Usaili wenyewe ulipofika, niliuona mwepesi.

Siku moja alinipitisha hospitali ya St Thomas' kwenye sanamu ya Mary Seacole, muuguzi maarufu wa karne ya 19, Mjamaika mwenzake, iliyozinduliwa 2016. "Piga picha upesi," akasema, "fomu inatungoja."

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya ratiba: saa tatu asubuhi kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku ni adhabu. Pia mifano yao yote ni ya hospitali. Dada zetu wanaohudumia wazee majumbani wamesahaulika kabisa. Watoto wanaruhusiwa.