Ryzen 5 5600 na RX 6600: uzoefu wangu wa kuunda kompyuta ya gemu kwa bajeti ya kubana

Mashine yenyewe ni hii: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RX 6600 yenye kumbukumbu ya 8GB, madabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) ya B550, RAM (kumbukumbu ya muda) 16GB za DDR4 kwa vipande viwili, SSD (hifadhi ya kasi) ya NVMe ya 1TB na pawa saplai ya wati 550. Kioo ni cha inchi 24, 1080p (nukta 1920 kwa 1080), 144Hz, yaani kinaweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Hakuna kipande cha kumtambia mtu hapo, lakini vyote vinalingana, na hiyo ndiyo raha yake. Naandika kwa ajili ya anayezunguka Kariakoo na hela yake mfukoni huku kila duka linamwambia lake.

Kitu cha kwanza kuamua kilikuwa kioo, kabla hata sijaulizia bei ya prosesa. Kioo ndicho kinachompangia kadi kazi. 1080p ni nukta kama milioni 2 za kuchora kila fremu (kila picha moja ya mwendo), 1440p ni karibu milioni 3.7, na 4K inavuka milioni 8. Ukishajua unachezea 1080p, kadi kubwa za bei mbaya hazikuhusu tena, na hela inayobaki unaigawa kwa akili.

Kuna duka moja walinikazania nichukue "kompyuta ya gemu, i7". Nilipoomba kuona namba kamili, ikawa i7-2600, prosesa ya mwaka 2011, imefungwa na GT 730. Jina i7 peke yake halikwambii chochote. Uliza namba zinazofuata. Prosesa hiyo haimo hata kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na GT 730 ni kadi ya kuonyesha picha kwenye kioo, gemu za leo haziwezi.

RX 6600 ilichukua karibu theluthi ya bajeti yangu, na kwa mashine ya gemu naona ndiyo haki yake. Inakula wati 132 tu na inataka waya mmoja wa pini 8. Niliifikiria pia RX 6500 XT kwa sababu bei yake ni nyepesi, nikaiacha: ina kumbukumbu ya 4GB, na inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi), kwa hiyo ukiichomeka kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inazidi kubanwa. RX 6600 yangu ni ya mtumba. Sikulipa mpaka ilipofanyishwa kazi nzito palepale dukani karibu nusu saa, nikisikiliza feni na kuangalia joto. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, muage kwa heshima uondoke.

Upande wa prosesa, wengi huchanganya 5600 na 5600G. Hiyo yenye G ina picha zake za ndani (inaonyesha picha kwenye kioo bila kadi), inamfaa atakayenunua kadi baadaye. Ila kama kadi unanunua leo, chukua isiyo na G: kashe yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ni 32MB badala ya 16MB, na inaitumia PCIe 4.0. Kumbuka tu kwamba waya wa kioo unachomekwa kwenye kadi, kwa sababu 5600 haina picha za ndani kabisa.

Je, zinalingana kweli? Nikiwa kwenye GTA V kwa mipangilio ya juu, kadi inasoma matumizi ya asilimia 97 mpaka 99 na prosesa ina nafasi ya kupumua. Hapo hela ya kadi inafanya kazi yote. Nikihamia Counter-Strike 2 na kushusha mipangilio ili nipate fremu nyingi, mambo yanageuka: matumizi ya kadi yanashuka, prosesa ndiyo inayoweka kikomo. Kwa hiyo anayekwambia mashine fulani "imelingana" muulize imelingana kwa gemu gani.

RAM inadharauliwa mno. Kusudi nione tofauti, nilivihamisha vipande vyote viwili kwenye nafasi za chaneli moja (njia moja ya data badala ya mbili), kiasi kikabaki 16GB ileile. Kwenye Counter-Strike 2 wastani wa fremu ulishuka, lakini kilichoniudhi ni zile kwikwi fupi bomu la moshi linapotupwa na wachezaji wanakutana. Nikavirudisha nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zikaisha. Halafu ingia bayosi (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, inayoifanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa. Bila hivyo RAM iliyoandikwa 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 au 2666 na usijue; Task Manager ya Windows itakuonyesha.

Pawa saplai ndipo pasipo na mzaha. Usisome namba kubwa ya pembeni, geuza boksi usome kibandiko kwenye mstari wa +12V. Zidisha ampea zake kwa 12 upate wati halisi ambazo kadi na prosesa zitagawana. Yangu inasema 45A, yaani wati 540. Niliyopewa kwanza ilijiita 500W, lakini mstari wa 12V ulisema 18A: wati 216. Nilirudisha kaunta. AMD wenyewe, watengenezaji wa chipu yake, wanataka angalau wati 450 kwa RX 6600, na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka nimeongeza UPS (betri ya akiba umeme unapokatika) ya 650VA inayonipa muda wa kuzima taratibu.

Nilikobana ni kwenye kasha (muhimu mbele pawe na wavu hewa ipite), taa za rangi sikulipia hata shilingi, na feni ya prosesa ni ileile iliyokuja ndani ya boksi. B550 nayo inatosha, madabodi ya X570 ingekula hela bila kuniongezea fremu.

Udhaifu upo. Ray tracing (mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli) kwa kadi hii sahau. Gemu mpya kadhaa zinaijaza ile 8GB ya kadi, inabidi ushushe ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu vya ndani ya gemu). Na ile feni ya boksini, mchana wa Februari hapa Dar, inapiga kelele mpaka uvae hedifoni. Nikipata hela nitabadilisha hiyo kwanza. Kadi itasubiri mpaka siku nitakayonunua kioo cha 1440p.