Kujitolea bila posho au kibarua cha kulipwa?

Wahitimu wengi hapa Dar es Salaam wananiuliza swali hili. Nianze na gharama, maana hapo ndipo penye uchungu. Anayejitolea ofisini Posta akitokea Mbagala analipa nauli asubuhi na jioni, mchana anakula wali maharage kwa mama ntilie, na mwisho wa mwezi hapewi hata shilingi. Akiwa chuoni, mnufaika wa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, huwa na fedha za mafunzo kwa vitendo. Akishahitimu, mzigo unamwangukia mzazi. Mtoto wa asiye nacho anakosa nafasi kabla hata ya usaili, na hiyo si haki.

Kibarua, hata cha kibanda cha miamala ya simu, kinakupa chochote mkononi.

Kwa ujuzi, kujitolea kunashinda, ila ukikabidhiwa kazi kweli. Anayefunga hesabu za mwezi anajifunza. Anayetoa fotokopi miezi sita anatumika tu.

Unakaa kwa ndugu na chakula kipo? Jitolee miezi mitatu, kwa makubaliano ya maandishi. Unajilipia kodi ya chumba? Shika kibarua, kisha omba kujitolea ofisini siku mbili kwa wiki.