Mlo wa moto kila siku au uliogandishwa wa wiki nzima: upi umfikie mzee?

Nchini Marekani, Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965 huchangia gharama za milo inayopelekwa nyumbani kwa wenye miaka 60 na zaidi wasioweza kutoka. Kila mlo sharti utoe angalau theluthi moja ya virutubisho vya siku.

Mlo wa moto hupelekwa mchana kwenye sanduku linalotunza joto, na usishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi. Dereva akipangiwa nyumba nyingi mno, wa mwisho hupokea chakula cha uvuguvugu, na hapo bakteria huzaana. Beba sahani moja ya ziada, uipime joto kwenye nyumba ya mwisho. Ikiwa imepoa, gawa njia iwe mbili. Faida yake kubwa ni hodi ya kila siku. Mzee asipoitika, dereva hapaswi kuacha chakula mlangoni na kuondoka: apige simu ofisini, ndugu watafutwe papo hapo.

Milo iliyogandishwa hufika mara moja kwa wiki, hivyo inafaa vijijini ambako nyumba ziko mbalimbali. Lakini kagua kwanza: friza ina nafasi? Mikrowevu inafanya kazi? Vidole vyenye baridi yabisi vinaweza kubandua ile plastiki ya juu? Kosa la kawaida ni kingo kuchemka huku katikati kukiwa bado na barafu. Mzee akoroge muda ukifika nusu, kisha aendelee kupasha hadi nyuzi 74. Maelekezo yaandikwe kwa herufi kubwa.

Anayepoteza kumbukumbu apewe mlo wa moto, hata kama gharama ni kubwa zaidi. Uliogandishwa atausahau kwenye friza.