Siti mpya za mbio au za mtumba za Mazda MX-5?

Sponji ya siti za Datsun 240Z yangu, gari la michezo la zamani, imegeuka unga. Ukishuka, suruali imejaa vumbi la njano. Siti mpya za mbio zinakubana vizuri kwenye kona, ila mgongo wake haulali, na kwa foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, kiuno kitakusimulia. Zikiwa za ngozi bandia, kwa jua la Dar ni kikaango. Za MX-5, mtumba wa Ilala, ni nyembamba, zinalala, na kitambaa kinapitisha hewa. Shida ni reli za chini ya siti: matundu yake hayalingani na sakafu ya Datsun, lazima fundi achomelee vyuma vipya. Nimechukua hizo. Kabla hujalipa, sukuma siti mbele na nyuma kwenye reli yake. Ya kwanza niliyoshika ilikwama katikati.